Kutoka Perth Hadi Mogogosiek

Vijana niliowaacha kwenye ile ofisi ya ghorofani, juu ya duka la vyombo, mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kukata tikiti za ndege kabla sijasahau. Sijasahau, na sitarajii kusahau karibuni, kwa sababu mtu mwenye hasira hukumbuka vizuri sana. Najua mlitarajia shukrani na baraka. Hizo nilizisema siku ile ya kuniaga, mbele ya keki na mbele ya mkurugenzi. Hapa nataka kusema yale ambayo hayasemwi mbele ya keki.

Nyinyi mnanijua, lakini karatasi hizi zikiangukia mikono mingine, mimi ni Beatrice Wambui, na hapa Kericho wengi huniita Mama Tikiti. Nilizaliwa Londiani. Wazazi wangu walikuja huko kutoka Nyeri kulima viazi, na Kikipsigis nilikipata kwa watoto wenzangu kabla sijafundishwa Kiingereza darasani. Kazi nimefanya moja tu, kwenye ofisi moja, na habari za vyeo na mshahara mtaniwia radhi, hazina utamu wowote.

Siku ya kwanza sikuruhusiwa kumhudumia mteja hata mmoja. Madam Pereira, mama wa Kigoa aliyekuwa akiendesha ofisi, alinisukumia kitabu cha ratiba za ndege za dunia nzima. Kilikuwa kinene kuliko Biblia ya mimbarini, na maandishi yake yalikuwa madogo mpaka macho yanatoa machozi. Akaniambia nimtafutie safari ya Lagos. Nilihangaika nacho asubuhi nzima, kisha nikamwendea kwa majivuno.

"Ni masaa matano, Madam."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka Nairobi."

"Mteja wako anaishi Nairobi?"

Nikamwambia sijui mteja wangu anaishi wapi, kwa sababu hakukuwa na mteja, lilikuwa zoezi. Akasema mteja anaishi Kapsoit, ana mke mwenye mimba, ana ng'ombe wa kukamua kabla ya kutoka, na mvua imenyesha wiki nzima. Basi anaondoka nyumbani saa ngapi, na anabisha mlango wa mwenyeji wake Lagos saa ngapi? Nilirudi kwenye kile kitabu nikiwa nimenuna. Ilinichukua siku nyingine nzima kumjibu, na bado alikuta kasoro.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyowafundisha nyinyi, ingawa baadhi yenu mlikuwa mkikonyezana nikigeuka. Masaa ya angani ni ya rubani. Mteja mwambie anatoka kwake lini na anafika lini.

Tikiti za enzi zile zilikuwa vijitabu vya karatasi nyembamba, kila karatasi na wino mwekundu wa kaboni mgongoni, na ilibidi ubonyeze kalamu kwa nguvu zote ili mwandiko ufike karatasi ya chini kabisa. Nilikuwa nikirudi nyumbani na vidole vyekundu. Ukikosea herufi moja ya jina, kijitabu kizima kinatupwa, na Madam Pereira anakitazama pale kwenye pipa kama mtu aliyefiwa. Nafasi kwenye ndege tuliziomba Nairobi kwa simu, simu tuliiomba kwa opereta, na opereta tulimwomba kwa adabu, maana ukimjibu vibaya asubuhi hupati laini mpaka jioni. Ukutani kulikuwa na ramani ya dunia iliyochomekwa pini, na nyuzi za sweta zikienda kutoka pini hadi pini, kila njia na rangi yake.

Ni kwenye ramani hiyo nilipokasirika kazini mara ya kwanza. Alikuja mchungaji wa Sigowet, mtu mpole, amealikwa kwenye mkutano wa injili Dakar. Nikamtafutia njia. Wakati huo njia iliyokuwepo ilikuwa kupanda mpaka Ulaya, kukaa huko nusu siku, kisha kushuka tena Afrika upande wa pili. Na kwa kuwa alikuwa anapitia Ulaya, ilibidi aombe visa ya Ulaya, hata kama hana haja ya kuona chochote cha Ulaya zaidi ya kiti cha kungojea.

"Mama," akaniuliza kwa upole, "si Dakar iko hii Afrika yetu?"

"Iko, mchungaji."

"Na sisi tuko?"

"Tuko."

Akaitazama ramani kwa muda mrefu, na ule uzi wa kijani unaopanda juu halafu unashuka. Visa haikutoka kwa wakati na mchungaji hakwenda. Alirudi kunishukuru, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu sikuwa nimemfanyia lolote. Wenzake kutoka Ulaya walifika Dakar kabla ya chai ya jioni.

Baadaye ilikuja kompyuta, na mimi nilikuwa wa kwanza kuipenda, msinizushie mambo. Unaandika herufi chache, nafasi zinajitokeza, na hakuna opereta wa kubembelezwa. Tulikata tikiti za wakimbiaji, za wanafunzi, za mameneja wa mashamba ya chai na za akina mama wanaokwenda kuwalea wajukuu walikozaliwa. Shida ya miaka hiyo haikuwa ndege. Shida ilikuwa kuaga.

Mnajua watu wetu wanavyoaga. Mtoto wa Kipkelion amepata nafasi ya masomo Kanada, ndege inaondoka usiku, na familia imekodi basi zima kumsindikiza. Mchungaji anaomba. Mjomba mkubwa anaomba juu ya maombi ya mchungaji. Maziwa ya mursik yanazungushwa kwenye kibuyu na kila mtu lazima anywe. Picha zinapigwa na upande wa baba, halafu upande wa mama, halafu majirani wanaona wametengwa. Basi linaondoka, linafika Londiani, linasimama, kwa sababu kuna shangazi ambaye asipoagwa ataongea mpaka mwaka ujao, na shangazi naye amepika. Yule kijana wa Kipkelion alifika uwanja wa ndege akiwa ameombewa kuliko abiria yeyote siku hiyo, na ndege ilikuwa imeshaondoka. Familia ilikuja ofisini kunilalamikia kwamba ndege imeondoka mapema. Tangu siku ile nilikuwa nikiwaandikia watu wa kwetu muda wangu mwenyewe, unaotangulia ule wa kampuni ya ndege, na sina toba juu ya hilo.

Halafu zikaja simu hizi za mkononi, na hapa ndipo hasira yangu ilipoota mizizi.

Mteja anaingia, hajakaa, ananinyooshea kioo. "Mama Tikiti, mbona unaniambia ni karibu siku mbili? Hapa imeandikwa masaa kumi na moja." Ukisoma, unaona mtu amepima mstari kutoka mji mmoja hadi mwingine, akagawanya kwa mwendo wa ndege, akatoa jibu. Basi. Hakuna ndege kama hiyo. Haijawahi kuwepo na hakuna anayeuza kiti chake. Mstari wenyewe unakatiza juu ya bahari vizuri sana, haupangi foleni, hauombwi visa, haukai kwenye kiti cha chuma katika mji wa jangwani ukingojea ndege ya pili. Na unaanzia Nairobi, kana kwamba sisi wengine tumezaliwa tukiwa tumeketi pale uwanja wa ndege wa Embakasi na mabegi yetu. Nimebishana na mstari huo kwa miaka. Nimebishana na madaktari, na makasisi, na mume wangu. Lakini hakuna mahali uliponiumiza kama kwenye msiba wa Mama Rael, na hicho ndicho kisa nilichotaka kuwaandikia tangu mwanzo.

Mama Rael alikuwa mkulima wa chai kule Mogogosiek, mjane, mwenye shamba dogo linalotunzwa vizuri kuliko mashamba makubwa ya jirani zake. Nilimfahamu siku alipokuja na binti yake wa mwisho, Chelangat, kununua tikiti ya kwenda Perth, Australia. Chelangat alikuwa amepata masomo ya uuguzi, na baadaye akapata huko kazi ya kutunza wazee. Kwenye ramani Perth iko ng'ambo ya bahari tu, mkono wa kulia kwetu, unaweza kudhani kukiwa na hewa safi utaiona. Lakini kiti nilichomkatia kilikwenda kaskazini kwanza mpaka Uarabuni, kikangoja, kisha kikashuka tena kusini kuvuka bahari ile ile. Mama Rael alinisikiliza nikieleza, akasema, "Kwa hivyo anaenda nyuma ndio aende mbele." Sijapata kusikia mtu akilieleza vizuri zaidi.

Baada ya hapo kila akija Kericho mjini alipanda ngazi zetu. Hakuwa na safari. Alikuwa akitaka kujua saa hii Chelangat anafanya nini. Namwambia wewe ukiwa unachuma chai ya asubuhi, yeye ameshakula chakula cha mchana. Ukienda kukamua jioni, yeye amelala. Anatikisa kichwa, anaketi, ananywa chai yetu mbaya, anaenda zake. Tulizeeka hivyo pamoja, mimi na yeye, kila mmoja upande wake wa meza. Chelangat alituma pesa, akamjengea nyumba ya mawe na mabati ya kijani, na miaka ikapita bila kurudi, kwa sababu makaratasi yake ya kule hayakuwa yamekamilika na akitoka bila ruhusa hangeruhusiwa kuingia tena.

Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu Mama Rael alipoanguka shambani na kufariki kabla ya kufikishwa hospitali. Ilikuwa Jumapili. Chelangat alinipigia siku hiyo hiyo.

"Anti, nifikishe nyumbani."

"Nitakufikisha. Omba ruhusa yako leo, usingoje kesho."

Ruhusa ilitoka Jumatano. Nikatafuta kiti. Ile njia fupi kidogo ya kupitia Johannesburg ilikuwa imejaa. Kiti cha kwanza kilichopatikana kilitoka Perth Alhamisi usiku kupitia Uarabuni, kinatua Nairobi Ijumaa saa sita mchana. Ongeza foleni ya pasipoti, ongeza mabegi, ongeza barabara ya kutoka Embakasi, kupitia Mai Mahiu na Narok na Bomet mpaka Mogogosiek. Nikahesabu jioni, kabla ya giza, kama Mungu akipenda na malori yakipenda.

Lakini komiti ya mazishi ilikuwa imeshapanga kuzika Ijumaa saa saba.

Niliacha kazi mezani nikaenda Mogogosiek Jumatano hiyo alasiri. Kibet, dereva wa teksi ambaye amenipeleka kila mahali tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinishusha kwenye lango. Komiti ilikuwa imeketi chini ya hema, Mzee Cheruiyot mwenyekiti, na Joel, kifungua mimba wa Mama Rael, kando yake. Joel ana lori la kusomba chai na ana duka, na mwaka huo alikuwa pia na nia ya kugombea udiwani, ambao siku hizi wanauita uwakilishi wa wadi ili uonekane mkubwa.

"Chamgei, Mama Tikiti," Mzee Cheruiyot akasema. "Karibu. Wapatie mama chai."

Nikasema pole zangu, nikapokea chai, nikaeleza. Niliomba jambo moja: wazike Jumamosi.

Joel akatoa simu. "Lakini hapa inasema Perth mpaka Nairobi ni masaa kumi na moja. Akitoka Alhamisi usiku, si Ijumaa asubuhi ako hapa?"

"Joel, hiyo ni kama ndege ingemchukua mlangoni kwake ije imwachilie hapo kwa chai yenu."

Watu wakacheka. Hata Joel alicheka. Nikadhani nimeshinda.

"Tunakuelewa, mama," akasema Mzee Cheruiyot. "Hata sisi tunamtaka huyo mtoto. Lakini Mheshimiwa, mbunge wetu, amesema Ijumaa. Jumamosi ako na mazishi zingine. Na programu iko kwa printa Bomet, picha yake imeshawekwa ndani."

"Picha ya nani?"

"Ya Mheshimiwa."

Hapo mdomo wangu ulinitangulia. "Mzee, huyo Mheshimiwa ni mtoto wa ngapi wa Mama Rael?"

Mama mmoja aliyekuwa kwenye sufuria ya chai aliguna. Wanaume walitazama vikombe vyao. Joel hakupandisha sauti, alinisogelea kwa heshima kabisa. "Mama Tikiti, wewe ni rafiki ya mama yetu, tunakushukuru. Lakini hii ni mambo ya boma."

Hayo maneno nayajua. Nimezaliwa huku, nimeolewa huku, nimezika huku, nazungumza lugha yao kwa lafudhi yao, na bado kuna siku unaonyeshwa mpaka wa boma uko wapi. Nilimaliza chai yangu. Nilikuwa nimekasirika mpaka Kibet hakuniuliza kitu njia nzima kurudi Kericho, na Kibet ni mtu wa maneno.

Nataka mwelewe walichokuwa wakimnyima. Katika ukoo wa Mama Rael watoto hutupa udongo kaburini kwa zamu ya kuzaliwa, kifungua mimba wa kwanza, kitindamimba wa mwisho. Mkono wa kitindamimba ukishatupa, ndipo vijana wanashika majembe. Kwa hivyo mahali pa Chelangat hapakuwa pa kusimama tu na kulia. Kaburi lilikuwa linafungwa na yeye.

Ijumaa nilikuwa Embakasi na Kibet kabla ya ndege kutua. Hakuna aliyenituma. Chelangat alitoka akiwa na begi moja la mkononi, kwa sababu nilimwambia asibebe kingine kitakachomchelewesha kwenye ule mshipi wa mabegi unaozunguka. Alikuwa amenenepa kidogo na uso wake umekuwa wa mama yake kabisa. Tulikumbatiana tukitembea.

Alikuwa na hakika kwamba wameshazika, na mimi vilevile. Tulipokuwa tunateremka bonde, nyuma ya malori yaliyopangana kama ng'ombe wanaokwenda kisimani, nilimpa simu yangu. Akampigia Faith, binamu yake, aliyekuwa kule msibani. Aliweka sauti wazi ili nisikie.

"Faith, mmemaliza?"

"Bado. Hatujazika. Tunangoja."

Chelangat alinigeukia. Alinishika mkono, akaubana. Na mimi, ambaye nimeona mengi, niliamini. Nilijiambia nimewakosea wale watu. Nilijiambia yule mama wa sufuria amewasemesha usiku, au aibu imemshika Joel alipoamka, au mchungaji amekataa kuanza. Nikamwambia Kibet akimbize gari, na Kibet, ambaye kwa kawaida huendesha kama mtu aliyebeba mayai, akakimbiza.

Narok tukapiga tena. "Bado tunangoja," Faith akasema. Nyuma yake tulisikia kwaya ikiimba, na kile kipaza sauti kinachopiga mluzi. Chelangat akaanza kunieleza atasema nini. Alisema atawashukuru wote, hata Joel, hasa Joel. Alisema watu wa kwao ni wagumu lakini mwisho wanajua haki. Alipaka mafuta usoni, akajifunga leso kichwani, akavua viatu vya safari na kuvaa vingine. Alikuwa kama mtu anayekwenda kukutana na watu waliomngojea.

Tulipiga mara ya tatu tukiwa Bomet mjini. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka.

"Mko wapi?"

"Bomet. Tunakuja."

"Haya," Faith akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, lakini mtandao wa huko unabadilisha sauti za wengi. "Nitamwambia Joel."

Kutoka Bomet hadi Mogogosiek si mbali kwa gari zima na dereva mwenye haraka. Mvua ilinyesha kweli kweli tulipoanza kupanda, ikatulia tulipofika kwenye mashamba ya chai. Watu walikuwa wanakuja upande wetu, wengi, kwa miguu, wamejifunika mifuko ya plastiki vichwani. Chelangat aliwatazama kupitia kioo. Nadhani alielewa kabla yangu. Mimi nilikuwa bado nawatafutia sababu.

Tulipoingia langoni hema lilikuwa linashushwa. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Kaburi lilikuwa limejazwa, limesawazishwa, na maua yamelala juu yake yakiwa yamelowa. Vijana wa majembe walikuwa wananawa mikono kwenye mtungi.

Haya niliyajua baadaye, kwa Faith, na mtanisamehe nikiyasema hapa. Walikuwa tayari saa saba. Mheshimiwa alisema yuko njiani, wakangoja. Akasema helikopta inangoja mawingu yafunguke, wakangoja. Kwaya iliimba nyimbo zake zote ikarudia. Watoto walilala mapajani. Kila mtu mwenye shamba na ng'ombe wa kukamua alikaa pale na hakuna aliyeambiwa ratiba imebana. Kisha msaidizi wake akafika kwa gari, na bahasha na salamu, akasema Mheshimiwa ameshindwa kufika. Wakati huo ndipo Faith alipomwambia Joel kwamba dada yake yuko Bomet. Joel alikuwa amesimama mbele ya wapiga kura wake akiwa ameaibishwa, mvua inakuja, watu wanaanza kuondoka. Alisema, "Watu wamechoka. Tumalize."

Kama mtu ameshindwa kukasirika hapo, hasira yake iko wapi? Msiniambie Joel naye ni mfiwa. Najua ni mfiwa. Nilimwona akilia kwa mama yake, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini walikaa chini ya lile hema mchana wote wakimsubiri mtu ambaye angefika kwa kuruka bonde moja, na yule aliyekuwa ameruka bahari wakamnyima ule muda wa kupanda kutoka Bomet. Nimefanya kazi ya umbali maisha yangu yote na sijui kipimo kinachoweza kupima jambo hilo.

Chelangat alikwenda moja kwa moja mpaka kaburini. Hakulia kwa sauti. Joel alimfuata, na mkewe, na Mzee Cheruiyot akiwa amevua kofia. Mimi nilisimama nyuma kidogo, nikiukumbuka mpaka wa boma.

"Zamu yangu nani alitupa?" Chelangat akauliza.

"Mke wangu alikutupia," Joel akasema. "Tulisema ni kwa niaba yako. Tulitaja jina lako."

"Faith aliniambia mnangoja."

Joel aliinama, akaokota ua lililoanguka, akalirudisha juu ya kaburi.

"Tangu bonde ananiambia mnangoja. Mlikuwa mnangoja nani?"

"Mheshimiwa," akasema Mzee Cheruiyot, kwa sababu mtu fulani ilibidi aseme.

"Alikuja?"

"Alituma mtu."

Chelangat alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu ya wengine. "Alikuwa anatoka wapi?"

Nilitaka kusema mimi, nikajizuia.

"Nairobi," Joel akasema.

Chelangat aliinama, akachota udongo uliolowa, akautupa juu ya ule ulioshasawazishwa. Kisha akageuka, akampita kaka yake, akamwomba Kibet ageuze gari.